Wageni wa Mama Ojwang

Nasipwondi alimjua Mildred kwa sura tu, mpaka siku walipogongana mlangoni mwa Kalekye kule Mashimoni, Kibera. Kalekye alikuwa mama wa makamo aliyeishi peke yake, na ugonjwa ulikuwa umemlaza muda mrefu hata majirani wakaanza kupita mbali na dirisha lake. Nasipwondi, aliyeuza sukuma wiki kando ya reli Laini Saba, alikuwa akimpelekea uji asubuhi kabla hajapanga mboga zake. Siku hiyo alimkuta Mildred akitoka na beseni la shuka chafu, mikono imejaa povu. Mildred aliuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ambayo viwanda hubakisha baada ya kutoa minofu, na hakuna aliyepita Laini Saba bila kuisikia sauti yake akiita wateja. Walitazamana, wakacheka. Kila mmoja alikuwa akidhani kwamba ni yeye peke yake anayemkumbuka yule mama.

Walipomzika Kalekye hawakuacha. Nyumba za namna ile zilikuwa nyingi. Ilikuwa miaka ambayo watu walikufa bila ugonjwa wao kutajwa jina. Walisema ni kifua, ni malaria imepanda kichwani, ni mkono wa mtu, na neno ukimwi lilinong'onwa jikoni tu, mlango ukiwa umefungwa. Wengine wakajiunga nao: Omolo, fundi wa viatu, mzee mpole ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, Aketch, aliyekuwa na sauti nzuri ya kuimba, na kina mama wengine wa pale mtaani. Wakajiita Klabu ya Jirani Mwema. Jumamosi waligawana nyumba za wagonjwa wawili wawili, wakafua, wakapika, wakakata kucha, wakawageuza waliokuwa na vidonda vya mgongoni. Jumapili baada ya kanisa walikutana kwenye chumba cha shule ya nasari, wakanywa chai na mandazi na kucheka mpaka machozi yawatoke, maana mtu aliyeshinda na yale aliyoyaona jana yake asipocheka ataugua na yeye.

Kwa Nasipwondi, ambaye mumewe alikuwa ameshafariki na ndugu zake wengi walikuwa Kimilili, klabu ile ndiyo ilikuwa ukoo wake wa Nairobi. Binti yake Rachael aliposhikwa na surua, Mildred ndiye aliyekaa naye huku samaki wake wakiozea kwenye karai. Waliitana Mama Rachael na Mama Ojwang, na ukimtafuta mmoja ukamkosa, uliuliza mwenzake yuko wapi.

Klabu haikuwa na sheria nyingi, ila moja haikuvunjwa: yaliyo ndani ya nyumba ya mgonjwa hubaki humo humo. Mildred mwenyewe ndiye aliyeitunga. Kila mwanachama mpya alipoingia, alimwambia, "Ukitoka kwa mgonjwa, macho yako umeyaacha ndani."

Mwaka wa mvua za El Nino, njia za Kibera zilipogeuka tope la magotini na mitaro ikafurika mpaka kwenye vizingiti, Isaac alikuja kwa dada yake, Nasipwondi. Huyu Isaac alikuwa kitinda mimba wao, fundi wa mbao aliyekuwa na kibanda chake cha kazi Kawangware. Vitanda vyake vilisifiwa. Watu walitoka hata Uthiru kuja kuviagiza. Sasa alikuwa amekonda, shati linaning'inia mabegani kama limetundikwa, na kikohozi kilikuwa hakimwachi. Kliniki walimwambia ni kifua kikuu, wakamwanzishia sindano na vidonge. Mengine hawakusema, na yeye hakuuliza.

Alikuwa amewaaga watu wa Kawangware kwamba anaenda Kimilili kumsaidia baba yao shambani. Hakutaka waone alivyo, hasa Immaculate, msichana aliyekuwa amemchumbia, ambaye mama yake aliuza mitumba hatua chache kutoka kibandani kwake. Nasipwondi alipomwambia kuhusu klabu, alisita, kisha akakubali kwa sharti.

"Aje mmoja tu," alisema. "Na asiwe mtu wa maneno."

Nasipwondi alimleta Mildred.

Mildred alimhudumia Isaac kama aliyemzaa. Alimchambulia samaki kwa vidole ili mwiba usimkwame akikohoa. Alimwita bwana harusi, akamwambia kwamba siku ya harusi yeye ndiye atakayecheza mbele ya mama yake Immaculate mpaka yule mama akimbie. Isaac alicheka, kicheko cha kwanza tangu afike, na Nasipwondi akiwa nje akiosha sufuria alisimama kukisikiliza.

Wiki chache baadaye, Mildred alileta habari kwenye kikao cha Jumapili. Kulikuwa na klabu kubwa ya mjini, ya madaktari na mawakili na wenye biashara, watu waliokutana kula chakula cha mchana hotelini na kupanga jinsi ya kusaidia wasiojiweza. Walikuwa wamesikia juu ya Jirani Mwema na wangekuja Jumamosi kuona kazi yake. Chumba kizima kilifurahi. Nasipwondi alifurahi pia, ila aliomba jambo moja: wageni waonyeshwe nasari, waimbiwe, waonyeshwe mabeseni na sabuni, lakini wasiingizwe nyumbani kwa wagonjwa. Mildred alikubali mbele ya wote. Akasema Mama Rachael amenena vyema.

Ijumaa jioni Mildred alipitia kwenye mboga za Nasipwondi. Alimwambia wageni wameahirisha mpaka wiki inayofuata kwa sababu ya mvua. Halafu akasema kuna mtawa mmoja huko Kawangware anayegawa blanketi kwa vikundi, na zinatakiwa kuchukuliwa kesho asubuhi, la sivyo watapewa wengine.

"Sasa ni nani anajua Kawangware kama wewe?" alisema. "Wewe nenda, mimi nitashinda na bwana harusi wetu."

Nasipwondi alikwenda kwa miguu, kwa njia ya Ngong Road na Dagoretti Corner, mvua ikimpiga usoni. Aliuliza kwenye kanisa la kwanza, akauliza la pili, akauliza kwenye zahanati ya watawa. Hakuna aliyesikia habari za blanketi. Alirudi Kibera ameloa chapachapa, akijilaumu kwamba huenda alikosa kuelewa alivyoelekezwa.

Mlangoni mwake alikuta alama za viatu vingi, viatu vya ngozi, si gambuti za mpira za watu wa mtaa. Ndani kulikuwa na harufu ya marashi. Juu ya meza ndogo palikuwa na mkebe wa maziwa ya unga na pakiti za sukari. Isaac alikuwa amefunikwa blanketi mpya ya rangi ya waridi, amegeukia ukuta.

"Wageni wenu walikuja," alisema bila kugeuka. "Kuna taa iliniwakia machoni."

Nasipwondi alimgusa paji la uso. Lilikuwa moto. Aliona ni homa inayosema, akamloweshea kitambaa, akampangusa, kisha akaenda kwa Mildred. Mildred alikuwa akikaanga, uso wake ndani ya moshi. Alieleza kwamba wageni walibadilisha mawazo wakatokea ghafla, na kwamba walisimama tu hapo mlangoni, wakaomba, wakaacha zawadi. Kuhusu mtawa, alisema labda alichanganya siku. Nasipwondi aliyapokea maneno hayo jinsi alivyopewa. Ni mtu gani humkagua rafiki yake kama noti anayoshuku ni bandia?

Baada ya hapo mambo mema yalianza kufika. Lilikuja tangi jeusi la maji, kubwa, likasimamishwa kando ya nasari. Zikaja glavu, sabuni, dawa za vidonda, shuka. Wagonjwa waliokuwa wakilalia magunia wakalalia shuka, hata Awiti wa Mashimoni, ambaye Nasipwondi alimwogesha kila Jumamosi. Isaac naye aliitikia vidonge, mwili ukarudi taratibu, na mvua zilipokatika alifunga vitu vyake akarudi Kawangware. Alimshukuru dada yake kwa heshima, lakini kulikuwa na ubaridi fulani katika kuaga kwake ambao Nasipwondi aliudhania ni uchovu wa ugonjwa.

Muda si mrefu Nasipwondi alikwenda Kawangware kupanga naye siku ya kwenda rasmi kwa wazazi wa Immaculate. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Karibu na soko alikuta watu wamekusanyika kwenye ua wa mabati, akasogea kuona wanachotazama.

Yalikuwa ni mabango, yamebandikwa kwa mstari mpaka kwenye kona. Ile klabu ya mjini ilikuwa inaandaa siku ya matibabu ya bure katika ukumbi wa hapo jirani. Katika kila bango alikuwemo Isaac. Blanketi ilikuwa imeshushwa mpaka kiunoni, mbavu zake zinahesabika, mdomo wazi, macho yameduwaa kama ya mtu aliyeamshwa kwa kofi. Pembeni mwa kitanda, akiwa amempa mkono mgeni mmoja mwenye tai, alikuwa Mildred, kitambaa cha kijani cha klabu kichwani, akitabasamu. Chini yake paliandikwa: *Ukimwi unamuua huyu Kibera. Wewe utafanya nini?*

"Si huyu ni yule fundi wa vitanda?" alisema mama mmoja.

"Ndiye. Na alisema alikuwa ushago, kwao Kimilili."

Nasipwondi aliondoka pale, miguu ikimpeleka yenyewe. Kibandani alimkuta Isaac ameketi juu ya gogo, mikono haina kazi. Vitanda vilivyokwisha vilikuwa vimesimamishwa ukutani na wenyewe hawakuja kuvichukua. Mmoja alikuwa ametuma mtu kusema kwamba hawezi kulalia mbao zilizokoholewa. Githinji, mwenye kibanda, alikuwa amemtaka ahame, tena alilisema akiwa amesimama mbali, barabarani. Na mbele kabisa, katikati ya vumbi la msumeno, kilikuwa kitanda kizuri kuliko vyote, kimechongwa maua kichwani. Isaac alikuwa amemtengenezea Immaculate. Asubuhi hiyo mama wa msichana alikuwa amekirudisha kwa mkokoteni, kikapitishwa katikati ya soko watu wakiona.

"Ulinipeana, dada," Isaac alisema. Hakusema kwa hasira. "Ungeniuliza. Labda ningekubali, wafunike uso. Mimi pia nataka wagonjwa wasaidike."

Nasipwondi aliapa kwamba hakujua. Isaac alitikisa kichwa.

"Mama Ojwang aliwaambia wageni nikisikia. Walimuuliza kama wenyewe wamekubali. Akasema, dada yake amekubali, ndiyo sababu ameondoka, hataki kulia mbele ya wageni."

Hapo ndipo Nasipwondi alipoielewa safari yake ya mvua. Hakukuwa na mtawa. Hakukuwa na blanketi. Alikuwa ametolewa nyumbani kwake kama kuku anavyofukuzwa jikoni, na yeye akaenda mbio kwa miguu yake mwenyewe.

"Na kwa nini hukuniuliza niliporudi?" alisema. "Muda huo wote?"

"Nilikuwa nimelala kwa kitanda chako. Nakula ugali wako. Ningekuuliza nini?"

Jioni hiyo alimkuta Mildred anapanga samaki juu ya gazeti. Mildred alipomwona alijua, maana mikono yake ilisimama. Hakukana. Alimvutia kigoda, Nasipwondi akabaki wima. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba wageni walitaka kumwona mgonjwa, si mabeseni. Kwamba mabeseni yapo kila mahali. Kwamba alikwenda nyumba mbili na zote zilikataa, na Isaac alikuwa kijana, anapendeza hata katika ugonjwa, mtu akimwona anaingiwa na huruma. Hakujua kwamba picha ingefika Kawangware. Alidhani ingebaki huko hotelini kwao.

"Ukaniambia uongo," Nasipwondi alisema.

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Basi," Mildred alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji kweli. "Awiti anakunywa maji safi leo. Wale watoto wa Mashimoni wamelala kwa shuka. Niambie ningefanya nini, Mama Rachael."

 Nasipwondi alisema hadai tangi lirudishwe. Anataka kitu kimoja: Mildred aende naye Kawangware, akamwambie Isaac kwa kinywa chake kwamba dada yake hakujua, kisha wapite kwa mama yake Immaculate wamweleze kwamba lile tangazo liliandikwa na watu wasiomjua kijana, kwamba kliniki walisema ni kifua na kifua kimepona. Mildred aliomba alifikishe kwa wanachama kwanza.

Jumapili walikutana nasari. Chai ilimiminwa vikombeni na hakuna aliyeinywa. Nasipwondi alieleza yote, kuanzia Ijumaa ile, bila kumtukana mtu. Alitarajia kelele. Alitarajia Aketch ashike kichwa, Omolo amgeukie Mildred na kumuuliza kama ni kweli. Badala yake kila mtu alitazama kikombe chake, na kitu kilianza kumpambazukia taratibu.

"Nani alijua?" aliuliza.

Omolo alikohoa. Akasema, kwa ule upole wake, kwamba yeye ndiye aliyetoa meza nje ya chumba cha Nasipwondi ili wageni wapate pa kusimama. Aketch alisema yeye aliimba tu. Mwingine akasema walidhani Mama Ojwang angemweleza baadaye, wao kwa wao, kama marafiki. Walikuwa wamejua wote. Jumapili zote zilizofuata walikuwa wameketi naye, wakamtilia sukari kwenye chai, wakamuuliza Isaac anaendeleaje.

Kisha wakaanza kumsihi. Omolo alisema jambo limeshapita, na maji yakimwagika hayazoleki. Mildred alisema kwamba wakienda Kawangware kusema ukweli, wageni watasikia kwamba walidanganywa, na mlango utafungwa. Dawa za vidonda zitaisha, na atakayeoza mgongo si Nasipwondi wala Mildred. Nasipwondi aliwauliza ni nani yuko tayari kwenda. Hakuna aliyesimama. Nasipwondi akatoka nje. Aketch alimfuata mpaka kwenye tangi, akamshika mkono, kisha akauachia.

Jumatatu alikwenda Kawangware peke yake akiwa na sufuria ya ugali na nyingine ya mboga. Ilikuwa adhuhuri, mafundi wote wamekaa mbele ya vibanda vyao. Alitandika gunia palipo wazi, mahali ambapo sokoni wangeona, akamwita Isaac, wakala katika sahani moja. Isaac aliona haya mwanzoni. Nasipwondi alimega tonge, akachovya alipochovya ndugu yake, akala polepole huku akiwatazama waliokuwa wanatazama. Kikombe cha maji kilikuwa kimoja. Mama yake Immaculate alisimama kwenye mitumba yake akaona yote, kisha akainama na kuendelea kukunja suruali.

"Nakuamini," Isaac alisema walipomaliza. "Najua hukujua. Lakini ni wewe uliyemleta yule mama, dada. Nilisema asiwe mtu wa maneno."

"Nilidhani namjua."

"Hata mimi nilimpenda," alisema Isaac.

Nasipwondi alikwenda kwa mama yake Immaculate jioni hiyo na kumweleza. Yule mama alimsikiliza kwa adabu, hata akampa kiti. Alisema anaweza kuamini, lakini bango limeonwa na Kawangware nzima, na yeye ana binti wengine wanaongoja kuolewa. Immaculate alikuwa nyuma ya pazia; walimsikia akipenga kamasi, lakini hakutokea.

Isaac hakungoja Githinji arudi. Aliviuza vitanda kwa fundi mwenzake kwa bei ya kuni, kile cha maua akakivunja kwa nyundo mwenyewe, akapanda basi la kwenda Kimilili. Safari hii ilikuwa kweli. Miezi ilipita ndipo mtu wa nyumbani akamletea Nasipwondi habari: Isaac yu mzima, anatengeneza madawati ya shule, haongei sana.

Klabu iliendelea. Ilikua, hata ikapata ofisi ndogo ya mabati na kibao juu ya mlango. Nasipwondi hakurudi, lakini Awiti wa Mashimoni hakukubali kuogeshwa na mwingine, kwa hiyo alimwendea katikati ya wiki, siku ambazo kitambaa cha kijani cha klabu kisingeonekana kule. Jumamosi alishinda kwenye mboga zake. Zilikuwa siku ndefu. Saa nyingine alijikuta anageuka kumwambia Mildred jambo, kisha akakumbuka.

Wanaoishi sehemu moja hawawezi kukwepana milele. Asubuhi moja ya kiangazi, maji yalipokuwa yamekatika mtaa mzima isipokuwa kwenye tangi la nasari, Nasipwondi alilazimika kupanga foleni pale. Mildred alifika akasimama nyuma yake. Alikuwa amezeeka kidogo, au labda alikuwa na usingizi. Walisogea pamoja, hatua kwa hatua. Mwishowe Mildred akasema kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia, "Mama Rachael. Bado una hasira na mimi?"

"Sina hasira," alisema Nasipwondi. "Nilikuwa na rafiki."

Zamu yake ilifika. Alijaza mtungi, akaufunga kifuniko, akazungusha kata yake ya kitambaa kichwani. Mtungi ulikuwa mzito, na desturi ya pale ni kwamba anayekufuata kwenye foleni ndiye anayekutwisha. Mildred aliinama, akashika upande mmoja, wakauinua pamoja mpaka ukakaa sawa. Kwa muda mfupi nyuso zao zilikaribiana, Mildred akingoja.

"Asante, mama," Nasipwondi alisema, kama anavyoambiwa mtu yeyote usiyemjua jina, akashika njia ya kwake.